Mkojo ukikuponyoka: mwongozo kamili wa upasuaji wa mkanda kwa mwanamke wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mwanamke anayevuja mkojo huku kwetu mara nyingi huanza kwa kutibiwa UTI. Mara ya kwanza anapewa dawa, mara ya pili anaambiwa ni UTI sugu, mara ya tatu anachoka, anarudi kwenye kanga mbili na sketi nyeusi. Kumbe huenda shida si wadudu kabisa. Huenda ni mrija wa mkojo uliokosa mahali pa kuegemea, na kwa shida hiyo upo upasuaji mdogo wenye matokeo mazuri: daktari anapitisha mkanda mwembamba chini ya mrija ili upate cha kuushikilia unapokohoa, unapocheka au unapojitwisha ndoo.

Ila mkanda huo unatibu aina moja tu ya kuvuja. Ukiwekewa wakati shida yako ni nyingine, unaweza kutoka hospitali na tabu kubwa kuliko uliyoingia nayo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yanayotangulia kisu.

Hatua ya 1: Jua unavuja namna gani

Jiulize: mkojo unatoka wakati gani?

Kama unatoka palepale unapokohoa, unapopiga chafya, unaporuka dimbwi au unaponyanyua mzigo, na ukitulia hautoki, hiyo ndiyo aina inayotibika kwa mkanda. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4, na umelala juu ya misuli na nyama za sakafu ya nyonga. Tumbo likikazana kwa kikohozi, sakafu hiyo nayo hukaza, mrija unabanwa, mkojo haupiti. Sakafu ikilegea, mrija hushuka badala ya kubanwa. Kinachoilegeza ni kuzaa kwa njia ya kawaida, kukoma hedhi, uzito mkubwa, kikohozi kisichoisha na miaka ya kubeba vizito. Mama anayeshusha gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba hahitaji kuelezwa haya: kabla hajainama, keshabana mapaja.

Kama mkojo unakuja kwa haraka, yaani unasikia maji ya bomba yakitiririka au unahangaika na kufuli la mlango, na kabla hujafika chooni umeshalowa, hicho ni kibofu kinachojikaza chenyewe. Mkanda hautibu hilo, na wakati mwingine hulizidisha. Tiba yake ni kuzoeza kibofu kusubiri, kupunguza chai ya rangi, kahawa na soda za kola, na vidonge ikibidi. Wapo wengi wenye yote mawili. Hao hutibiwa kwanza lile linalowasumbua zaidi.

Kama unalowa muda wote, usiku na mchana, umelala au umesimama, na ilianza siku chache baada ya uchungu uliokawia, au baada ya kujifungua kwa upasuaji au kutolewa kizazi, ishia hapa kusoma na uende hospitali. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza imekuwa ikitibu fistula kwa miaka mingi, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila kumtoza mgonjwa. Tundu linahitaji kuzibwa, na mkanda hauzibi tundu.

Kuna pia kibofu kinachojaa hadi kufurika kwa sababu hakijimwagi chote. Mkojo unadondoka kidogokidogo, ukienda chooni unatoka mwembamba, ukirudi bado unajisikia umejaa. Kisukari cha muda mrefu na matatizo ya uti wa mgongo huleta hali hii. Mtu wa namna hii akiwekewa mkanda anaweza kuziba kabisa.

Halafu kuna kichocho, na hapa sisi wa ziwani tunapaswa kuwa waangalifu kuliko watu wa mikoa mingine. Kichocho cha ufukweni hushambulia zaidi utumbo na ini. Kile cha mkojo kinapatikana zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya kama Misungwi na Kwimba. Kinakera kibofu, kinaleta damu kwenye mkojo, haja za mara kwa mara na maumivu, na kinaweza kuacha vidonda hadi ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Kama ulikulia kwenye majaruba, mwambie daktari hivyo hata kama hajauliza. Mayai ya kichocho huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo kopo la alfajiri linaweza kukudanganya. Dawa yake, praziquantel, hupimwa kwa uzito wako na mara nyingi humezwa kwa mkupuo mmoja.

Mjamzito, na mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, asikimbilie kisu. Kuvuja kwa kipindi hicho mara nyingi hupungua kwenyewe, hasa mama akifanya mazoezi ya hatua ya 3.

Hatua ya 2: Andika daftari la mkojo kwa siku 3

Chukua daftari la shule na kikombe cha plastiki chenye alama za mililita. Kwa siku 3, ikiwemo angalau moja ya kazi nzito, andika saa uliyokunywa kitu, kitu gani na kiasi gani; saa uliyokojoa na mililita ngapi; na kila ulipovuja, ulikuwa unafanya nini. "Saa 2 asubuhi, nimebeba ndoo, nimelowa kidogo." "Saa 9 usiku, nimewahi choo, sikufika." Mistari miwili kama hiyo humweleza daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Usijinyime maji ili daftari lionekane zuri. Wengi hawanywi kitu kuanzia asubuhi mpaka warudi kutoka sokoni, na matokeo yake mkojo unakuwa mkali, unakichoma kibofu, na kibofu kinazidi kudai. Lita moja na nusu hadi 2 kwa siku inatosha mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo au figo, na jua la Mwanza likikaza utahitaji zaidi kidogo.

Hatua ya 3: Yape mazoezi miezi 3 ya kweli

Mazoezi ya misuli ya nyonga yalienezwa na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, tangu mwaka 1948, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza. Yakifanywa vizuri kwa miezi 3, wapo wanaokauka na wapo wanaopata nafuu ya kuwatosha, wasihitaji upasuaji. Shida ni kwamba wengi hukaza misuli isiyohusika.

Lala chali, magoti juu. Jifanye unazuia hewa isitoke mbele za watu. Kile kilichojivuta kwenda ndani na juu ndicho unachokitafuta. Makalio yakikaza, mapaja yakibana au pumzi ikikatika, umekosea. Legeza uanze upya. Kama huna uhakika, nawa mikono na uingize kidole kimoja ukeni: ukikaza sawasawa utasikia kinabanwa. Kaza, hesabu polepole hadi 8, legeza kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Mwanzoni utafika 3 au 4 tu, na si kosa. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Kukatizakatiza mkojo kila siku huharibu mazoea ya kibofu kujimwaga. Na kila unapotaka kukohoa au kunyanyua kitu, kaza kwanza, ndipo unyanyue.

Pamoja na hayo, shughulikia vinavyosukuma tumbo. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kapime kifua kikuu. Mama wa kubanika samaki kwa moshi asogeze tanuri mahali penye upepo, maana kikohozi cha moshi kitaulegeza hata mkanda utakaowekewa kesho. Kufunga choo kutibiwe kwa dona, maharage, mboga za majani, papai na maji. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake huona tofauti kwenye pedi. Kuna pia pesari, kipete cha silikoni kinachowekwa ukeni kushikilia mrija. Ni msaada mzuri kwa ambaye bado anataka kuzaa au hayuko tayari kwa kisu.

Hatua ya 4: Ingia hospitali na useme jambo lenyewe

Daktari akikuuliza, "Mama, unasumbuliwa na nini?" usijibu "tumbo la chini". Sema: "Mkojo unanitoka nikikohoa, na sijui kuuzuia." Ukisema tumbo utaandikiwa dawa ya tumbo. Kama kumweleza daktari kijana wa kiume kunakutia haya, omba muuguzi mama akae nawe. Ni haki yako, na hakuna atakayeshangaa.

Njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na Bugando ambayo ni ya rufaa ya kanda, iliyofunguliwa mwaka 1971 pale juu kilimani. Chukua barua ya rufaa kila unapopanda ngazi, hasa kama unatumia bima. Unayemtafuta mwishoni ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake au bingwa wa mfumo wa mkojo anayefanya upasuaji huu mara kwa mara. Si kila bingwa anaufanya, na hilo halimpunguzii ubingwa wake.

Suala la fedha limalize mapema. Kwenye dirisha la bima uliza mambo mawili tofauti: je, upasuaji wenyewe unalipiwa, na je, mkanda unalipiwa au utautafuta mwenyewe? Watu huuliza la kwanza wakasahau la pili. Asiye na bima wala uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa, asisubiri siku ya kuruhusiwa. Wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi wana utaratibu wao wa msamaha.

Hatua ya 5: Vipimo ambavyo havifai kurukwa

Mkojo upimwe wadudu, damu na sukari, na kichocho kwa mwenye historia yake. Damu ipimwe wingi wake, kundi na sukari. Anayeweza kuwa mjamzito apimwe ujauzito.

Kisha kuna kipimo cha kikohozi. Utaambiwa uje na mkojo, usikojoe. Utalala kitandani, magoti yameachana, na daktari atakuambia ukohoe kwa nguvu huku akiangalia. Mkojo ukiruka pamoja na kikohozi na kukatika nacho, jibu limepatikana. Ukitoka sekunde kadhaa baadaye na ukaendelea kutiririka, huenda ni kibofu ndicho kilichojikaza. Usipotoka, utasimama, miguu imeachana, karatasi au kitambaa chini, ukohoe tena. Ni aibu ya dakika moja. Wanawake huomba radhi wanapomlowesha daktari, ilhali hicho ndicho alichokuwa anakisubiri.

Baada ya hapo utaenda kukojoa, na kwa altrasaundi au mpira mwembamba wataona umebakiza kiasi gani. Daktari atapima pia ukeni kama kizazi au kibofu kimeshuka, maana vinaweza kurekebishwa kwa pamoja. Akihofia fistula atajaza kibofu dawa ya bluu na kuweka pamba ukeni; pamba ikigeuka bluu, tundu lipo.

Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa aina hii ukashindikana, au dalili zako zimechanganyika, huenda ukahitaji kipimo cha mgandamizo wa kibofu. Asiye na utata wowote anaweza kufanyiwa upasuaji bila kipimo hicho.

Hatua ya 6: Mkanda upi?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mkanda wowote unafanya kazi kama mbeleko: haumkabi mtoto, unamshikilia ili usipoteze mzigo ukiinama. Mkanda ukivutwa sana unaziba mkojo. Ukilegezwa mno haufai kitu. Vinavyotofautiana ni kitu mkanda ulichotengenezwa nacho na njia unayopita.

Mkanda wa plastiki ni utepe wa polipropileni, wavu laini wenye upana wa takriban sentimita 1. Uliasisiwa na Ulf Ulmsten wa Sweden na Peter Petros wa Australia, na katikati ya miaka ya 1990 ukaanza kuenea duniani. Daktari anapasua kidogo ukeni chini ya mrija, kisha anapitisha utepe kwa sindano ndefu. Kwa njia ya kwanza utepe unapanda nyuma ya mfupa wa kinena na kutokeza juu yake. Njia ya pili ilielezwa na Emmanuel Delorme wa Ufaransa mwaka 2001. Utepe unapita pembeni na kutokeza kwenye maungio ya paja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuatilia wanawake 597, ulikuta kuwa baada ya mwaka mmoja upasuaji ulifanikiwa kwa takriban 81 kati ya 100 kwa njia ya kwanza na 78 kwa njia ya pili, ikimaanisha kwamba zinakaribiana. Tofauti ziko kwenye madhara: njia ya kwanza hutoboa kibofu mara nyingi zaidi na huchelewesha mkojo zaidi, njia ya pili huleta zaidi maumivu au ganzi ya paja. Kwa anayebeba mizigo na kupanda milima kila siku, maumivu ya paja si jambo dogo.

Mkanda wa nyama yako mwenyewe ni wa zamani zaidi. Daktari anapasua chini ya tumbo, pale penye mshono wa kujifungua kwa upasuaji, anachukua kipande cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, au cha paja, na kukipitisha chini ya mrija. Mwaka 2007 utafiti wa wanawake 655 uliulinganisha na upasuaji wa kushonea kando ya mrija unaoitwa Burch. Mkanda wa nyama ulizuia mkojo vizuri zaidi, ila ulileta UTI nyingi zaidi na ugumu zaidi wa kukojoa. Upasuaji wake ni mrefu kuliko wa plastiki, unakulaza hospitali siku zaidi, na kidonda cha tumbo huuma.

Kwa nini basi mtu auchague? Kwa sababu ya historia ya wavu. Mwaka 2018 Uingereza ilisitisha matumizi ya kawaida ya wavu wa plastiki ukeni, pamoja na utepe wa mkojo, baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu makali na nyavu zilizotokeza. Mwaka 2019 Marekani ilizuia kuuzwa kwa nyavu kubwa za kutibia kizazi kilichoshuka kwa njia ya uke; utepe wa mkojo haukuzuiwa na unaendelea kutumika huko na katika nchi nyingi. Usichanganye vitu hivyo viwili. Utepe ni mdogo, na wanawake wa mwanzo waliofuatiliwa miaka 17 katika nchi za Nordiki walikuwa wakavu kwa zaidi ya asilimia 90 walipopimwa. Lakini kwa mgonjwa mmoja hadi watatu kati ya 100 hivi utepe hutokeza ukeni, na kuutoa wote ni kazi ngumu kwa sababu nyama huwa imeshaota ndani yake.

Kwa maoni yangu, mwanamke wa huku aanze kwa kuulizia mkanda wa nyama yake mwenyewe. Wa plastiki si mbaya. Ila wa nyama hausubiri kifaa kiagizwe, na tabu yake kubwa, yaani mkojo kukwama, inajitokeza mapema ukiwa bado mikononi mwa daktari aliyekupasua. Utepe unaweza kutokeza miaka 8 baadaye, na hapo utamhitaji mtu aliyezoea kuutoa. Lakini kama daktari wako ameweka utepe mara nyingi na mkanda wa nyama mara chache, ufundi wa mkono wake una uzito kuliko maoni yangu.

Hatua ya 7: Uliza kabla ya kusaini

Fomu ya ridhaa isomwe ukiwa umekaa, si ukiwa juu ya machela. Uliza: Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na umeufanya mwaka huu? Utatumia mkanda gani na utapita njia gani? Mtaangalia ndani ya kibofu kwa kamera kabla ya kufunga? Nikishindwa kukojoa mtafanya nini, na usiku nimpigie nani? Kama bado unataka mtoto, sema. Ushauri wa kawaida ni kumaliza kuzaa kwanza, kwa sababu mimba na kuzaa vinaweza kurudisha tatizo.

Daktari mzuri hachukii maswali haya. Akiyakwepa, omba siku nyingine ya kufikiria. Kuvuja huku kunasumbua lakini hakuui, kwa hiyo muda unao.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

Taja dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda huenda zikahitaji kusimamishwa, lakini kwa maelekezo ya daktari tu. Sukari na presha ziwe zimetulia. Anayevuta sigara aache. UTI ikionekana itibiwe kwanza, hata ikibidi tarehe isogezwe.

Tafuta mtu wa kuteka maji kwa wiki 6, si kwa siku 2. Anayeishi milimani kama Igogo au Mabatini, ambako dumu linapandishwa juu ya mawe, hilo ndilo andalio kubwa kuliko yote, na kama nyumbani hakuna kijana wa kusaidia, omba kukaa kwa ndugu wa sehemu ya tambarare. Mfanyabiashara wa samaki apange upasuaji nje ya msimu wake wa kazi nyingi. Mume aambiwe mapema kuhusu wiki 6 za kutokutana. Akiyasikia kutoka kwa daktari hupokea vizuri zaidi.

Kwenye mfuko weka pedi kubwa, kanga safi, sketi isiyobana kiuno, kadi ya bima, barua ya rufaa na majibu yote ya vipimo.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Chakula kinakoma saa 6 kabla ya upasuaji. Maji meupe mara nyingi huruhusiwa hadi saa 2 kabla, lakini fuata utakavyoambiwa wodini. Utachomwa ganzi ya mgongoni au utalazwa kwa nusu kaputi, na utapewa antibayotiki kabla ya kisu. Utepe wa plastiki huchukua kama nusu saa, mkanda wa nyama saa moja au zaidi. Daktari akimaliza kupitisha mkanda huangalia ndani ya kibofu kwa kamera nyembamba. Akikuta kimetobolewa, huuondoa mkanda na kuupitisha upya, na kibofu hupumzishwa kwa mpira siku chache. Tundu likionekana palepale hupona bila shida. La hatari ni lililoachwa bila kuonekana.

Hatua ya 10: Mpira ukitolewa

Saa chache baadaye au kesho yake mpira wa mkojo unatolewa, nawe unasubiriwa ukojoe. Usikamue kwa tumbo. Kaa, inama mbele kidogo, tulia. Mkojo utatoka polepole kuliko ulivyozoea, na hilo ni kawaida. Muuguzi atapima uliotoka na uliobaki. Hospitali nyingi hutaka ubaki chini ya mililita 100 hadi 150. Ukibaki mwingi utarudishiwa mpira kwa siku kadhaa, au utafundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba. Kwa mkanda wa nyama hili hutokea mara nyingi zaidi na laweza kuchukua wiki kadhaa. Kama ni utepe na umebana sana, daktari huulegeza au kuukata katikati.

Usikubali kuondoka hospitali kabla hujakojoa, au kabla hujaonyeshwa jinsi ya kutunza mpira unaoondoka nao. Anayetoka Sengerema au Geita ana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Anayekwenda Ukerewe abaki mjini siku kadhaa, kwa sababu mkojo ukikwama usiku wa manane hauwezi kusubiri meli ya asubuhi.

Hatua ya 11: Wiki 6 za nyumbani

Usinyanyue kinachozidi kilo 5 hivi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, gunia la dagaa ndiyo kabisa, na mtoto wa miaka 2 naye ni mzigo. Akae nawe mkekani, asibebwe mgongoni. Tembea kila siku, mwanzoni uani, kisha barabarani. Pikipiki isubiri. Usijitawaze kwa kuingiza maji au dawa ndani ya uke, usiweke mitishamba, usioge ziwani. Osha nje kwa maji safi na ukaushe. Tendo la ndoa lisubiri hadi daktari akuchunguze. Endelea na chakula cha kulainisha choo, kwani kukamua chooni wiki ya kwanza kunaweza kuharibu kazi yote.

Uchafu mwepesi wenye damu kidogo ukeni kwa wiki moja au mbili haupaswi kukutisha. Haraka mpya ya kukojoa nayo hutokea kwa baadhi ya wanawake, mara nyingi hupungua yenyewe, na isipopungua ina dawa.

Rudi hospitali siku hiyohiyo kama huwezi kukojoa kabisa au unadondosha matone tu huku tumbo la chini limejaa, kama una homa au baridi kali, damu inalowesha pedi ndani ya saa moja, mkojo una damu nzito, usaha unatoka, mguu mmoja umevimba na unauma, au mkojo umeanza kuvuja muda wote bila kukohoa, jambo linaloweza kuwa jeraha la kibofu.

Baada ya wiki 6 utapimwa tena kikohozi na mkojo unaobaki. Miezi au miaka baadaye, ukisikia kitu kinachokwaruza ukeni, mume akilalamika kuchomwa, au ukipata UTI zinazorudirudi, waambie waangalie utepe kwanza kabla ya kuandika UTI sugu.

Siku ya kuruhusiwa omba karatasi ya upasuaji, si ile ya kuruhusiwa tu. Iandikwe aina ya mkanda, njia uliyopita, tarehe, na kwa wa plastiki, jina na namba iliyo kwenye stika ya pakiti yake. Piga picha ya karatasi hiyo kwenye simu, mpe pia mtu mmoja wa nyumbani, na yenyewe uiweke pamoja na kadi ya bima.